Shilingi ya Nyumba na Shilingi ya Kaunti: Kazi ya Bunge ni Kuuliza Zimekwenda Wapi

Mkulima aliye mwanachama wa chama cha ushirika anaijua vyema siku ya mkutano mkuu wa mwaka. Siku hiyo ng'ombe hukamuliwa mapema, na madawati ya shule hupangwa safu chini ya miti. Katibu husimama akasoma hesabu: kilo zilizopokewa, bei iliyolipwa, gharama ya lori, mshahara wa karani, na salio lililobaki benki. Amalizapo kusoma, mzee mmoja aliyeketi nyuma huinua mkono na kuuliza neno dogo tu: "Hilo lori lililotengenezwa mara tatu, fundi alilipwa kwa stakabadhi gani?" Hapo ndipo mkutano huanza kweli.

Nchi nayo ni chama cha namna hiyo, ila wanachama wake ni mamilioni, na haiwezekani wote wakae chini ya mti mmoja. Kwa hiyo wamechagua watu wa kuwaulizia. Wabunge hujulikana sana kwa hotuba zao, lakini ipo kazi nyingine iliyo nzito kuliko hotuba, nayo hufanywa katika chumba cha kamati, pasipo vigelegele, mafaili yakiwa yamefunguliwa mezani. Kazi hiyo ni kuuliza jinsi fedha za umma zilivyotumiwa. Yafaa kila asomaye aielewe, hasa kwa mambo mawili yanayomgusa nyumbani kwake: nyumba za kukaa watu, na serikali za mahali anapoishi.

FEDHA ZIANZAPO SAFARI

Tuseme yupo karani apataye mshahara wa Shs. 40,000 kwa mwezi. Katika hati yake ya mshahara ataona makato ya nyumba ya Shs. 600, yaani shilingi moja na senti hamsini katika kila shilingi mia. Mwajiri wake naye hutoa Shs. 600 nyingine. Jumla ni Shs. 1,200 kwa mwezi, na kwa mwaka mzima ni Shs. 14,400. Kwa mtu mmoja fedha hizo si nyingi sana, lakini haba na haba hujaza kibaba, na makarani, walimu, askari na wafanyakazi wa viwandani katika Kenya ni wengi.

Makato hayo yalianza kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 1923? La, ni ya juzi tu: yalianza kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2023. Tarehe 28 Novemba mwaka huo huo, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba yalikwenda kinyume cha Katiba. Walitaja kwamba hapakuwa na mpango kamili wa sheria wa kuyasimamia, na tena kwamba wenye mishahara walikatwa huku wengine wakiachwa. Bunge likatunga sheria mpya, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa sahihi tarehe 19 Machi 2024. Sheria hiyo haikumtaja mwenye mshahara peke yake. Ilimtaja pia mtu mwenye mapato mengine, na kwa hiyo mkulima na mfanya biashara nao waliingizwa katika hesabu.

Kwa sheria hiyo nyumba zimegawanywa kwa vipato. Ziko za watu ambao mapato yao ya mwezi hayafiki Shs. 20,000, ziko za wale walio kati ya Shs. 20,000 na Shs. 149,000, na ziko za wale wapitao hapo. Nia iliyotangazwa na Serikali ilikuwa kujenga nyumba 200,000 kila mwaka. Mtu aweza kuipenda sheria hii au kuichukia, lakini kwa jambo moja wote wamo sawa: aliyetoa shilingi yake ana haki ya kujua ilikokwenda.

MAMBO YALIYOPITA

Kazi ya kuwajengea watu nyumba kwa fedha za umma haikuanza jana. Mwaka 1953 ilitungwa sheria iliyoweka bodi ya nyumba ya Serikali kuu, na kazi yake moja ilikuwa kuzikopesha halmashauri za mahali fedha za kujengea. Mwaka 1967 likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa kushika kazi hiyo. Mwaka 1975 Benki ya Dunia na Halmashauri ya Jiji la Nairobi zikaanza mpango wa Dandora, wa viwanja kama 6,000. Mtu hakupewa nyumba iliyokamilika, bali kiwanja chenye maji na choo, naye akajijengea mwenyewe kadiri ya uwezo wake.

Serikali za mahali nazo zimepita katika mabonde mengi. Sheria ya mwaka 1969 iliziondolea halmashauri za wilaya kazi za shule za msingi, afya na barabara, zikawa kazi za Serikali kuu. Mwaka 1983 Halmashauri ya Jiji la Nairobi ilivunjwa, ikalaumiwa kwa kusimamia fedha vibaya, na badala yake ikawekwa tume iliyotawala jiji mpaka mwaka 1992. Halmashauri zote, ambazo mwishowe zilikuwa 175, zilikoma mwaka 2013, na mahali pake pakasimama kaunti 47 zilizowekwa na Katiba ya mwaka 2010.

Katika habari hizo limo funzo. Halmashauri ilipopoteza heshima mbele ya watu, haikuwa kwa sababu barabara hazina faida au nyumba hazitakiwi. Mara nyingi ilikuwa kwa sababu hesabu zake hazikusomwa kwa wakati, wala hakuna aliyeuliza mpaka shimo lilipokuwa kubwa mno. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

MKAGUZI MKUU WA HESABU

Bunge haliwezi kuuliza vizuri kama halina mtu wa kulifungulia madaftari. Mtu huyo ni Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Katiba imempa miaka minane ya kazi, wala hawezi kuteuliwa tena, ili asiwe na haja ya kumbembeleza mtu yeyote. Hapokei amri ya Waziri wala ya gavana. Hukagua hesabu za Serikali kuu, za kaunti zote, za mahakama, za mifuko yote ya umma, hata za Bunge lenyewe. Na ili pasiwe na mtu aliye juu ya daftari, hesabu za ofisi yake nazo hukaguliwa na mhasibu anayewekwa na Bunge la Taifa.

Mwaka wa fedha katika Kenya huisha tarehe 30 Juni. Mkaguzi hupewa miezi sita ya kukagua na kutoa taarifa, yaani mpaka mwisho wa Desemba. Katika taarifa hiyo yampasa kusema kama fedha zilitumiwa kwa kufuata sheria, na kama zilileta faida iliyokusudiwa. Maneno hayo mawili si neno moja. Yawezekana vocha zote ziwe safi, sahihi ziwe mahali pake, na hata hivyo nyumba zilizojengwa zikakaa miaka bila mtu kwa kukosa maji. Sheria haikuvunjwa, lakini faida haikupatikana.

Kwa desturi ya wakaguzi, hesabu hupewa hati ya namna nne. Hati safi ni kusema kwamba hesabu zilizoandikwa ni za kweli. Hati yenye shaka ni kusema kwamba ni za kweli ila katika mambo fulani yaliyotajwa. Hati mbaya ni kusema kwamba hesabu haziwezi kuaminiwa. Na mara nyingine mkaguzi hukataa kutoa maoni yoyote, kwa kuwa hakuonyeshwa karatasi za kutosha. Hii ya mwisho wengi huidharau, na kumbe ndiyo ya kutisha kupita zote. Ni sawa na mweka hazina wa chama aliyekuja mkutanoni akasema kwamba daftari limepotea.

Tena msomaji asidanganyike na hati safi. Hati hiyo ni ushahidi wa maandishi, si ushahidi wa busara. Aliyenunua saruji kwa bei maradufu na kuiandika bei hiyo sawasawa, ameandika kweli. Lakini bado yafaa aulizwe kwa nini alinunua kwa bei hiyo.

KATIKA CHUMBA CHA KAMATI

Desturi ya kamati ya hesabu ilitoka Uingereza. Mwaka 1861 Bunge la huko, kwa shauri la Gladstone aliyekuwa Waziri wa Fedha, liliweka kamati ya kuangalia hesabu za matumizi baada ya fedha kutumiwa. Nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza ziliifuata desturi hiyo, na Kenya ni mojawapo. Jambo la kupendeza ni kwamba mwenyekiti wa kamati hii hutoka katika upande wa upinzani. Sababu yake ni rahisi: si vyema mpishi awe ndiye mwonja.

Katika Bunge la Taifa, Kamati ya Hesabu za Umma huwaita wakuu wa wizara waliokabidhiwa fedha. Anayeitwa kwanza si mwanasiasa, bali ni Katibu wa Wizara, yaani ofisa ambaye sahihi yake ndiyo iliyoruhusu fedha kutoka. Huja na wahasibu wake na mafaili yake, akaketi mbele ya kamati, nao wakaguzi wakiwa karibu. Kamati ina uwezo kama wa Mahakama Kuu katika kumwita shahidi, kumwapisha na kumtaka alete karatasi. Hawezi kusema kwamba ana shughuli nyingi.

Maswali yanayofaa katika mambo ya nyumba hayahitaji elimu kubwa. Kiwanja kilichojengwa ni cha nani, na hati yake iko wapi? Zabuni ilitangazwa wazi, au kontrakta aliitwa kwa simu? Mhandisi aliyetia sahihi kwamba msingi umekwisha, alikwenda kuuona? Fedha zilizolipwa kabla ya kazi zilikuwa na dhamana? Nyumba zilizokwisha zimepata watu wa namna iliyotajwa katika sheria, au zimechukuliwa na wale waliokwisha kuwa na nyumba nyingine? Ni maswali ambayo hata mwenye kujenga nyumba moja ya mabati kijijini humwuliza fundi wake.

Baada ya kusikiliza, kamati huandika taarifa na kuipeleka mbele ya Bunge zima. Humo husema ni nani alieleza vyema, ni nani hakueleza, na ni jambo gani lipelekwe kwa wapelelezi. Nayo Katiba, kifungu cha 226, imeweka neno zito: mwenye cheo aliyeruhusu fedha zitumiwe kinyume cha sheria atailipa hasara hiyo yeye mwenyewe, hata kama amekwisha kuondoka kazini. Kustaafu si maficho.

SENETI NA MAGAVANA

Msomaji aweza kuuliza: kama nyumba ni kazi ya Serikali kuu, kaunti zaingiaje? Katiba imegawanya jambo hili. Siasa ya nyumba kwa nchi nzima ni ya Serikali kuu, lakini mpango wa mahali na ujenzi wa nyumba umetajwa pia miongoni mwa kazi za kaunti, pamoja na kilimo, zahanati, barabara za kaunti, masoko, maji na kuzoa taka. Nyumba iliyojengwa na Nairobi bila mfereji wa kaunti kupita mbele yake ni nyumba nusu.

Fedha za kaunti zina waangalizi wawili. Wa kwanza ni bunge la kaunti, ambalo wajumbe wake wengi huwaita madiwani kama zamani. Wa pili ni Seneti. Baraza hili lilikuwako tangu mwaka 1963, likaondolewa mwaka 1966, likarudi mwaka 2013. Limepewa kazi ya kuangalia fedha za taifa zinazogawiwa kaunti, na kamati yake ya hesabu za kaunti huwaita magavana kuja kujibu taarifa ya Mkaguzi. Miaka ya mwanzo baadhi ya magavana walikataa kuitwa, wakidai kwamba hilo ni jambo la madiwani. Shauri likaenda mahakamani, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikasema kwamba Seneti ina haki ya kuwaita.

Fedha zinazoulizwa si kidogo. Katika mwaka wa fedha wa 2013/14 kaunti ziligawiwa kama shilingi bilioni 190. Katika mwaka wa 2023/24 fungu hilo lilikuwa kama bilioni 385. Ng'ombe aliyeongezeka maziwa huhitaji mchungaji aliye macho zaidi.

MVUA IJAYO BAADA YA MAVUNO

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katiba imesema kwamba Bunge, au bunge la kaunti, likiisha kupokea taarifa ya Mkaguzi, lina miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Kwa hesabu hiyo, fedha za mwaka ulioisha Juni zingekuwa zimekwisha kuulizwa na kujibiwa kufika mwisho wa Machi. Lakini mara nyingi haikuwa hivyo. Taarifa zilirundikana, kamati ikawa inauliza juu ya miaka iliyopita zamani. Katibu aliyeketi mbele yake hujibu kwamba wakati huo hakuwako, mhasibu amehamishwa, kontrakta amefunga kampuni, karatasi zimeliwa na mchwa. Swali zuri likichelewa, jibu hufa kabla yake.

Wengi hudhani kwamba ucheleweshaji huo ni aibu ya Bunge peke yake. Sivyo. Unaingia moja kwa moja katika mfuko wa kaunti. Kifungu cha 203 cha Katiba kinasema kwamba kaunti zote pamoja zisipewe chini ya 15 kwa 100 ya mapato ya taifa. Lakini mapato gani? Kifungu hicho kinajibu: yale ya hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge la Taifa. Kamati ikichelewa kuzimaliza hesabu, Bunge haliwezi kuzikubali. Na Bunge lisipozikubali, kipimo hubaki cha miaka ya nyuma, wakati mapato yalipokuwa madogo.

Ni kama mwanachama wa ushirika anayelipwa mwaka huu kwa kilo alizopeleka miaka minne iliyopita, wakati mibuni yake ilipokuwa michanga. Ni kweli kwamba kaunti zimekuwa zikipewa zaidi ya 15 kwa 100 ya hesabu hizo za zamani. Lakini mtu akipimwa kwa kibaba kidogo huonekana kama amepewa kingi. Kibaba hicho kikiwa cha sasa, ndipo atajua amepewa nini hasa.

Kwa hiyo mkulima ambaye barabara yake ya kupelekea maziwa imekatika, na mama aliyefika zahanati akakuta kabati la dawa ni tupu, wana shauri katika chumba kile cha kamati hata kama hawajapata kukiona. Swali lililocheleweshwa huko laweza kupunguza haki yao huku.

WAJIBU WA MWANANCHI

Haitoshi kuwalaumu wabunge na kurudi kulala. Mzee wa chama cha ushirika hawezi kuuliza juu ya lori kama hakuisikiliza hesabu. Taarifa za Mkaguzi Mkuu ni mali ya umma. Mwenye kusoma na azisome, hasa kurasa za kaunti yake, na awasomee wasiojua kusoma. Kwa Sheria ya mwaka 2016 juu ya haki ya kupata habari, raia aweza kuiandikia ofisi ya umma kuomba habari, na ofisi hiyo inapaswa kumjibu kwa muda usiozidi siku 21. Tena Katiba imempa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni.

Karani naye, aliye ndani ya ofisi, ana sehemu yake, na pengine ndiyo kubwa kupita zote. Hesabu za taifa hazianzi kwa Mkaguzi Mkuu. Zinaanza kwa kijana aliyeketi nyuma ya meza ndogo, mwenye kalamu, mhuri na faili. Akiiweka stakabadhi mahali pake leo, kamati itaiona kesho. Akiipokea vocha isiyo na sahihi kwa sababu mkubwa wake ana haraka, amekwisha kuchimba shimo ambalo wakaguzi watalikuta baada ya miaka, na huenda jina lake ndilo litakalokuwa chini ya karatasi.

Naye diwani au mbunge ajapo kuomba kura, yafaa aulizwe maneno machache kuliko yale ya kawaida. Asiulizwe tu ameleta nini. Aulizwe pia: taarifa ya mwisho ya Mkaguzi juu ya kaunti hii uliisoma? Iliijadiliwa siku gani? Ni jambo gani lililorekebishwa baada ya hapo? Atakayejibu kwa tarehe na kwa kiasi cha fedha, huyo amefanya kazi aliyotumwa. Atakayejibu kwa wimbo, wananchi watakuwa wamejua.

Mzee yule wa mkutano wa ushirika hakuwa na uadui na katibu. Lori ni lake pia, na bila lori maziwa yake yataganda nyumbani. Aliuliza kwa kuwa alitaka lori litembee. Shilingi ya nyumba na shilingi ya kaunti nazo zataka kuulizwa kwa nia hiyo hiyo, na kwa wakati wake, kabla fundi hajahama na stakabadhi haijapotea.